Nilidhani mafuta yameshuka kutoka 309 mpaka 3.4: maabara ya Chikongola, nyota 4

Wakuu wa Mtwara habari zenu. Kuna mtu alikuwa anauliza ampeleke wapi mzee wake kupima sukari na mafuta hapa mjini bila kufunga safari ya Dar, nikaanza kumjibu nikaona inakuwa ndefu, bora niandike kabisa. Nimepita sehemu mbili. Ya kwanza jina siweki maana nitaisema vibaya, na hii ya pili pia siweki maana nayo kuna vitu nitavisema, ila ukifika Chikongola upande wa sokoni ukauliza maabara ya yule dokta mama anayechorachora utapelekwa mpaka mlangoni. Nawapa nyota nne. Ya tano wameipoteza kwa njaa waliyonishindisha nayo, nitafika huko.

Mi nina miaka 52, kazi yangu ghalani, korosho, kwa hiyo kuanzia Oktoba mpaka mwaka unaisha sina ratiba ya kula, nakula nachokuta, chipsi mayai saa nne usiku, soda mbili tatu kwa siku kwa sababu ya vumbi na joto, na ukipita vijijini hukosi kuletewa uraka (pombe ya mabibo, yale matunda ya mkorosho) kwenye kidumu, utaukataaje. Kilo zilikuwa 91. Nikaanza kuamka usiku mara tatu kwenda kukojoa, mke wangu akaniambia baba Zuhura huo sio uzee, kapime.

Nikaenda hiyo sehemu ya kwanza. Pazuri, feni haina kelele, televisheni kubwa, ukiingia unadhani umeingia benki. Wakatoa damu, nikalipa, baada ya saa moja nikapewa karatasi imekunjwa. Kolesteroli 211, traigliseraidi 309, HDL 34, yote ni mafuta ya kwenye damu. Basi. Mbele ya namba hamna kipimo (ni miligramu au nini), pembeni hamna kawaida ni ngapi mpaka ngapi. Nikamuuliza kijana wa dirishani hii 309 ndo nini, akasema "mafuta hayo mzee, yako juu, punguza mafuta", macho yako kwenye simu. Nikarudi nyumbani nikapiga marufuku nazi. Mtwara hii, mchuzi bila nazi, maneno niliyoyasikia pale mezani siwezi kuyaandika. Korosho nazo nikaacha, mtu wa ghala la korosho naacha korosho! Halafu stendi nikauziwa unga wa mlonge, kijiko asubuhi kijiko jioni, mwezi mzima.

Mwezi ulipoisha nikaenda hii ya Chikongola, nilipiga simu kwanza wakaniambia njoo saa moja asubuhi, usiku ukishakula saa mbili usile tena, maji kunywa ila chai hapana. Hapo tu nikaona hawa wana utaratibu. Yule dada wa kutoa damu nilimpenda bure. Alitoa chupa tatu akaniambia kila moja ya nini: kofia ya kijivu sukari ya leo, ya zambarau sukari ya miezi mitatu (wastani wake) na picha ya damu, nyekundu mafuta na ini. Ya kijivu na ya zambarau akazipindua taratibu mara kadhaa kama mtu anabembeleza yai, nyekundu akaiacha isimame, halafu jina langu akaliandika mbele yangu akaniambia baba hebu lisome kama ndo wewe. Unaweza kuona kitu kidogo lakini kule kwingine chupa zetu watu wanne zilikaa kwenye trei moja hazina majina mpaka jamaa alipoamua kuinuka.

Saa nne majibu yakatoka, nikaangalia mstari mmoja tu. Traigliseraidi 3.4. Asee! Kutoka 309 mpaka 3.4! Nikatoka nje nikampigia mke wangu nikamwambia leo pika nazi, weka nazi mbili, mlonge umejibu. Nikampigia na mjomba wangu yuko Newala maana naye anautumia, akasema njomba, nilikwambia mimi, hospitali hawa wanatuibia tu.

Nikaingia kwa dokta nacheka mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha, akatoa simu yake akafungua kikokotoo akanigeuzia: 3.4 mara 88.6. Ikaja 301 na pointi. Akasema baba yangu, kule wanaandika miligramu kwa desilita, sisi tunaandika milimoli kwa lita, mafuta ni yaleyale. Mlonge wa mwezi mzima umeshusha nane, na hizo nane hata ukipimwa leo na kesho huwa zinapanda na kushuka zenyewe. Kwa namba za kule inatakiwa uwe chini ya 150, kwa za huku chini ya 1.7, kwa hiyo nilikuwa mara mbili ya kawaida na bado niko palepale. Ilibidi nimpigie tena mke wangu kuhusu zile nazi.

Na we ukiwa na karatasi zako za zamani fanya hivyohivyo: traigliseraidi zidisha 88.6, kolesteroli zote zidisha 38.7, sukari zidisha 18, ndo unapata zile namba kubwa. Karatasi isiyo na kipimo irudishe dirishani waiandike, ni haki yako.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike yote haya. Dokta akaniuliza una karatasi nyingine za zamani? Mi nilikuwa nazo, mtu wa ghala hatupi karatasi, ziko kwenye mfuko wa nailoni. Moja ya miaka mitatu nyuma, nilipimwa altrasaundi nikiwa naumwa tumbo, imeandikwa ini lina mafuta kiasi, na aliyenipima alisema hiyo ya kawaida wengi wanayo. Moja ya mwaka uliofuata, sukari ya asubuhi 6.8, nikaambiwa bado haijafika 7 nenda zako. Na hii ya 309. Akazipanga mezani kwa tarehe, ya leo akaiweka mwisho: sukari 7.4. Akasema unaona zilivyokuja kwa foleni? Ini, sukari, mafuta. Wewe umetembea na ugonjwa mmoja miaka mitatu umegawanywa kwenye karatasi tatu. Nilikaa kimya pale, kwa sababu kila karatasi nililipia na kila sehemu walinijibu kuhusu karatasi yao tu.

Halafu akaniuliza unafanya kazi gani, nikasema ghalani, akafurahi kabisa, akageuza risiti yangu akaanza kuchora. Ini ni ghala, akasema. Ukila wali, soda, ugali wa sembe mlima mzima, sukari inayozidi ini linaigeuza mafuta linayaweka. Ghala likijaa linaanza kupakia malori, yale malori ndo traigliseraidi unayoiona kwenye damu. Malori yakiwa mengi barabarani yanabadilishana mzigo na HDL, hiyo inayoitwa mafuta mazuri, na HDL ikishabebeshwa mzigo wa watu inavunjikavunjika inapotea, ndo maana yako ni 0.9 wakati mwanaume anatakiwa angalau 1.0. Nikamuuliza na sukari inaingiaje. Akachora mtu mdogo mlangoni akaandika insulini. Huyu ndo karani wako, kazi yake anatoa amri mbili: moja, ini acha kutengeneza sukari, damu ina ya kutosha, mbili, hii iliyozidi weka akiba. Ini lililojaa mafuta linakuwa kiziwi nusu. Amri ya kuacha kutengeneza sukari halisikii, linaendelea kumwaga sukari usiku kucha wakati umelala, amri ya kuweka mafuta linaisikia vizuri sana. Kwa hiyo unaamka sukari juu, mafuta juu, na kongosho, ndo linalotengeneza insulini, linazidi kupiga kelele kwa insulini mpaka linachoka.

Mimi nimesimamia ghala miaka mingi, mzigo ukizidi najua unaanza kuweka magunia kwenye korido, halafu nje, halafu kwa jirani. Jirani hapo ni kongosho, kwa mujibu wa ile risiti. Risiti yenyewe ninayo mpaka leo.

Nilipofika nyumbani nilikaa na mtoto wa dada yangu anayesomea uuguzi tukatafuta kama dokta hakunipiga fiksi. Hakunipiga. Kuna profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, ndo aliyeiandika hiyo hoja ya ini na kongosho mwaka 2008, kwamba sukari ya ukubwani ni mafuta kujaa ini kisha kumwagikia kongosho. Mwaka 2011 wakatoa majibu ya watu 11 tu waliokula kalori 600 kwa siku kwa wiki 8, na ndani ya siku 7 sukari yao ya asubuhi ilikuwa imerudi kawaida na mafuta ya ini yamepungua kama theluthi. Siku saba! Watu 11 ni wachache, hata mi nilisema hivyo, ila baadaye wakafanya utafiti mkubwa unaitwa DiRECT huko Scotland na kaskazini mwa Uingereza, watu 306, majibu yakatoka 2017, na baada ya mwaka karibu nusu ya waliopunguzwa uzito (46 kwa 100) sukari ilikuwa chini bila dawa, wenzao waliotibiwa kawaida ni 4 kwa 100. Kwa waliopunguza kilo 15 na kuendelea, waliofanikiwa hivyo ni 86 kwa 100. Hao wote walikuwa hawajafikisha miaka sita toka waambiwe wana sukari, hilo lisemwe, sio babu wa miaka 20 na sindano aje aache dawa kwa kusoma hapa.

Turudi kwenye njaa. Dokta aliniandikia altrasaundi ya ini siku hiyohiyo, akasema usile, jamaa wa altrasaundi anafika saa tano. Jamaa amefika saa nane kasoro. Kumbuka mi nimekula mara ya mwisho saa mbili usiku, piga hesabu, masaa karibu 18, kwenye benchi la mbao, jua la Mtwara, na hamna hata mtu anakuja kusema poleni anachelewa. Mbaya zaidi kulikuwa na mama mmoja jirani yangu kwenye benchi, yeye ana sukari siku nyingi na asubuhi alishameza vidonge vyake kama kawaida, ilipofika saa saba nikaona mikono inatetemeka, jasho linamtoka, nikimsemesha anajibu vitu havieleweki. Nikakimbia dukani nikamletea soda ya moto moto tu iliyokuwa kwenye kreti, akanywa nusu chupa, dakika kumi akarudi. Ndo soda pekee mwaka huu niliyoinunua bila kujilaumu. Nesi alivyokuja alishukuru, ila nilitaka kumwambia, nyie mnapima sukari, mtu anayetumia dawa za kushusha mnamshindishaje bila kumuuliza kameza nini? Nimemwambia dokta, akaita wafanyakazi mbele yangu. Nilivyorudi mara ya pili niliona wameandika karatasi mlangoni, unatumia dawa ya sukari tuambie kwanza. Haya.

Jamaa wa altrasaundi mwenyewe fundi lakini, nisimwonee. Akanipaka ile jeli ya baridi, akanigeuzia kioo, akasema hili ini, hii hapa chini figo, zinatakiwa zifanane rangi, ona ini lako limeng'aa. Kweli, figo nyeusinyeusi, ini jeupe kama limepakwa chokaa. Mafuta daraja la pili. Akaniambia pia altrasaundi inaona mafuta yakishakuwa mengi, yakiwa kidogo inapitwa, na makovu ndani ya ini haiyaoni vizuri mpaka yawe yamefika mbali. Kwa makovu dokta akapiga hesabu nyingine, umri wangu mara kimeng'enya kimoja cha ini (AST, ilikuwa 34), gawanya kwa pletileti (chembe za kugandisha damu) 240 ukizidishia kipeuo cha pili cha ile nyingine (ALT 49, yaani 7). Ikaja 1.05. Chini ya 1.3 unaambiwa makovu makubwa hayaelekei kuwepo. Kwa vipimo hivihivi vya bei ya kawaida, hesabu ya darasa la saba, na kule kwa feni isiyo na kelele hamna aliyeijua au hamna aliyejali.

Na aliniuliza uraka. Sio "unakunywa pombe?" ile ya haraka unajibu hapana. Aliuliza msimu wa mabibo unakunywa kidumu cha lita ngapi, na nani, siku ngapi kwa wiki. Nikacheka nikasema ukweli. Akasema wataalamu walibadilisha jina la huu ugonjwa mwaka 2023, zamani ulikuwa unaitwa ini la mafuta lisilo la pombe, saivi wameutaja kwa chanzo chake, yaani uzito, sukari, presha, mafuta, na mtu mwenye hivyo akiongezea na pombe anahesabiwa kundi lake. Mabibo sukari, uraka pombe, mzigo wote unashushwa kwenye ghala lilelile.

Kuhusu korosho na nazi, maana najua mtauliza. Korosho hazikunipandishia traigliseraidi, mafuta yake mengi ni ya aina nzuri, tatizo lake kalori, usikae na kisado. Nazi inapandisha zaidi LDL (ile inayoitwa mafuta mabaya), sio hiyo yangu ya 3.4, kwa hiyo mwezi mzima nilimtesa mke wangu kwa kosa la soda. Hiyo LDL yenyewe mara nyingi hawaipimi, wanaipiga hesabu, toa HDL kwenye jumla halafu toa traigliseraidi uliyoigawanya kwa 2.2, na traigliseraidi ikivuka 4.5 hesabu inakufa. LDL yangu ilikuja 2.95.

Gharama, siku ile yote na kumuona dokta nilitumia 95,000. Ni hela, siwezi kusema rahisi, ila ukijumlisha zile karatasi zangu tatu za mwanzo nilishalipa zaidi ya hiyo nikiwa sielewi chochote. Bima yangu hawakupokea. Sukari ya miezi mitatu hawapimi wenyewe, sampuli inapelekwa kwingine, majibu siku tatu (yangu asilimia 7.1, ikathibitisha ni kisukari). Choo maji ya ndoo. Maegesho hamna, boda ndo salama yako.

Dokta alinianzishia metformin, akasema wazi hii ni ya sukari, usiitegemee kutoa mafuta kwenye ini, na atorvastatin ya usiku. Hiyo ya pili niliiogopa maana mtaani wanasema inaua ini, akanijibu kwa mwenye ini la mafuta ndo inafaa zaidi, kwa sababu wengi wetu wanaondoka kwa moyo kabla ini halijafika kokote. Ya kutoa mafuta kwenye ini akaniambia punguza angalau kilo 7. Soda nimeacha, ugali nusu, samaki na mboga zijaze sahani, jioni natembea mpaka Shangani na kurudi, uraka mwaka huu nimeonja tu.

Baada ya miezi mitatu na nusu nimerudi, kilo 83. Traigliseraidi 1.9, sukari ya asubuhi 6.1, ile ya miezi mitatu 6.3. Dokta akazipanga tena zote mezani, saivi ziko tano.

Safari hiyo nilienda na mke wangu naye apimwe, yeye hana kitambi kikubwa na traigliseraidi yake 1.2, safi. Nikasema haya mwenzangu umepona. Dokta akasema hapana, kwa watu weusi hiyo namba mara nyingi inakuwa nzuri hata insulini ikiwa haisikilizwi, usiitumie kujifariji, na ini hali kadhalika halifuati rangi moja kwa moja, kule Dallas Marekani walipima ini za watu majibu yakatoka 2004, wenye asili ya Amerika ya Kilatini 45 kwa 100 walikuwa na mafuta, wazungu 33, weusi 24, sasa 24 sio sifuri. Sukari yake ikawa 6.4, imepanda kidogo. Ini likang'aa, kidogo.

Njiani kurudi hakusema neno mpaka tumeshuka kwenye boda. Akaingia jikoni, akatoa kreti la soda lililobaki la sikukuu, akampa mtoto akamwambia rudisha dukani, waambie baba yako na mama yako wamesema hatutaki, na watupe hela yetu. Jumamosi wanafunga saa saba mchana, wa altrasaundi ni Jumanne na Alhamisi, pigeni simu kwanza kama ameshafika ndo muende.